Uzito wa Nguo

Mtoto wangu wa kwanza hakunyonya kama watoto wengine. Alishika titi, akavuta mara nne au tano, kisha macho yakafumba, akalala. Nilimfinya nyayo taratibu. Nilimpuliza usoni. Alifungua macho, akavuta mara mbili tena, akalala. Wanawake waliokuwa wakinitazama walisema nina bahati, nimepata mtoto mpole.

Alizaliwa msimu wa matuta, mvua zikiwa bado nzito, wakati watu wa kwetu wanapofukia majani chini ya udongo ili yaoze yawe mbolea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Kasense, karibu na mji, nikaolewa katika kijiji kipya kilichoko njia ya kwenda Matai. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka mmoja tu kabla yangu. Nyumba zilipangwa mistari miwili kama madawati darasani, kila nyumba chumba kimoja, na nyuma yake kibanda cha nyasi cha kupikia.

Chumba hicho kimoja ndicho kilichonitia hofu ya kwanza. Desturi tuliyoikuta ni kwamba mwanamke akijifungua hulala kwa mama mkwe wake mpaka mtoto apate nguvu. Lakini mama mkwe wangu naye alipewa chumba kimoja, na alilala humo na wajukuu watatu, watoto wa binti yake. Kwa hiyo nililala kwa mume wangu, mtoto katikati yetu. Kila mtu alijua, maana wengi walikuwa wamebanwa vivyo hivyo. Mtoto wa nyumba kama hiyo akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Husema wazazi wamembemenda: wamekutana kabla ya wakati, joto lao limemwingia mtoto, maziwa ya mama yameharibika. Mtoto aliyebemendwa hutambulika kwa mikono myembamba na ngozi ya mapaja iliyolegea kama soksi. Mama yake hutambulika pia. Akifika kisimani, maneno hukatika.

Mimi sikuwa mtu wa kujibu watu. Tangu shuleni nilikuwa nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linakaa kooni mpaka mwingine alitoe. Na jambo lililonifunga mdomo zaidi ni kwamba sikuwa na hakika kama hatuna kosa. Mtoto akiwa na miezi miwili, mara moja, tulikosea. Mume wangu na mimi hatukulizungumza. Lakini tangu siku ile, kila nilipomkogesha mtoto, nilitazama mapaja kwanza.

Kila asubuhi kengele ililia. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji, na msimamizi aliipiga kwa nondo. Ikilia, kila mtu mzima alikwenda shamba la kijiji, jina lake lisomwe. Mwanamke aliyejifungua alipewa nafasi ya kupumzika, halafu naye alirudishwa kwenye daftari. Jina langu lilirudi mtoto akiwa na miezi mitatu. Shamba lilikuwa mbali, ng'ambo ya kijito, na upepo wa huko haukuwa wa kumpeleka mtoto mchanga. Nilimwacha kwa mama mkwe.

Mama mkwe alimpenda sana mjukuu wake, na hilo nataka lijulikane. Alimpikia uji wa ulezi, mwepesi, wa kupita kooni bila shida. Alimlaza magotini, akakunja kiganja kama bakuli, akamimina uji humo na kuuteremsha mdomoni mwa mtoto kidogo kidogo. Mtoto alimeza, akakohoa, akameza. Tumbo lilijaa, likawa gumu kama ngoma, akalala mpaka jua kugeuka.

"Wote sita nimewalea hivi," aliniambia. "Mume wako huyo, unamwona amepungukiwa nini?"

"Hajapungukiwa, mama."

"Basi nenda kazini."

Kule shambani maziwa yalijaa na kuuma. Ikifika saa nne nilijificha nyuma ya mabua ya mahindi, nikayakamua chini. Wanawake walinifundisha kuyafukia kwa udongo ili sisimizi wasiyafikie. Nilifukia. Jioni niliporudi mtoto alikuwa ameshiba uji. Alivuta mara nne, akalala. Baada ya wiki chache sikuhitaji tena kwenda nyuma ya mahindi. Maziwa hayakujaa, hayakuuma. Nilishukuru kwamba maumivu yamekwisha. Leo nikikumbuka shukrani ile naona aibu.

Kliniki ya watoto ilikuja kijijini mara moja kwa mwezi. Nesi alitoka zahanati kwa baiskeli, na mizani ameifunga nyuma. Aliitundika kwenye boriti ya baraza la ofisi, chini yake kukawa na kisuruali cha turubai chenye matundu mawili ya miguu. Mtoto alitiwa humo akaning'inia, mshale ukazunguka, nesi akaweka nukta kwenye kadi. Kila kadi ilikuwa na njia iliyochorwa, imepinda kama barabara inayopanda mlima. Nukta zikipanda ndani ya njia, mtoto anakua. Zikilala, mtoto amesimama. Zikishuka, ni hatari.

Wanawake wengi wa mtaa wetu hawakusoma. Jioni walikuwa wakienda darasa la watu wazima, lakini walikuwa bado wanahangaika na a na e. Kwa hiyo siku za kliniki, tukirudi, walinipa kadi zao njiani niwasomee. Kazi ile niliipenda. Ilikuwa kazi pekee ambayo watu walinisubiri nizungumze.

"Inapanda," nilisema.

"Na ya kwangu?"

"Nayo inapanda."

Aliyekuwa akinipa kadi kwanza kila mara ni jirani yangu wa mlango wa pili. Alikuwa na miaka kama thelathini, mtoto wake wa nne alizaliwa wiki moja baada ya wangu, msichana. Aliniita mdogo wangu, akanifundisha kufunga ubeleko, kukoka moto wa kuni mbichi, na kunyamaza mbele ya mawifi. Bila yeye ningekimbia kijiji mwaka ule.

Mwezi wa nne wa mtoto, nukta yangu ililala. Jirani hakuuliza, aliona uso wangu. Tulipofika kwake aliniambia nimvue mtoto, tukamtazama wote wawili kwenye mwanga wa mlango. Mapaja yalikuwa yameanza.

"Funika," alisema upesi, akachungulia nje. "Nani mwingine amemwona hivi?"

"Mama mkwe."

"Yule hasemi, ni mwanawe atakayechekwa. Sikiliza, mdogo wangu. Mvalishe. Watu wana macho, na macho yao yana meno."

Alitoa sanduku chini ya kitanda, akanipa sweta ya sufu aliyoivaa mwanawe wa tatu. Siku ileile nilimvalisha juu ya sweta yake. Mikono ilijaa. Nilipompitisha kati ya nyumba wanawake walimtazama, mmoja akasema, "Huyu sasa ameanza kunona." Nilicheka kidogo. Ndani ya kifua nilihisi kama mtu aliyeficha kitu cha wizi, na bado kimo mikononi.

Halafu baridi ikaja. Ajuaye nyanda za Ufipa miezi ya kuvuna ulezi anajua upepo wake: hauna mvua, hauna umande, unapita tu uwanja mzima bila kitu cha kuuzuia, unaingia mpaka kwenye mifupa. Baraza la ofisi halikuwa na ukuta. Nesi, mwanamke mwenye huruma, aliwatazama watoto waliokwisha geuka rangi ya majivu, akasema, "Msiwavue. Watapata kichomi. Tutawapima hivyohivyo."

Tukawapima hivyohivyo. Mtoto wangu alivaa fulana, sweta mbili, kofia ya sufu, soksi za baba yake zilizofungwa juu ya magoti, nepi mbili za kanga kuukuu, na kiunoni kamba ya dawa ambayo mama mkwe aliiongezea fundo kila mwezi. Nukta ikapanda. Mwezi uliofuata nikaongeza kipande cha blanketi. Nukta ikapanda tena.

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilijua nimeongeza blanketi. Lakini kadi ni karatasi ya serikali, na nesi ameiandika kwa wino, na njia ile inapanda mlima. Nilimwonyesha mume wangu. Aliishika karibu na dirisha, akafuata nukta kwa ukucha.

"Kumbe mzima," alisema, na pumzi ikamtoka ndefu. Nikafahamu kwamba naye alikuwa akihesabu tangu siku ile tuliyokosea.

Tangu hapo tuliiamini kadi. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Aliamka, akatazama dari kwa macho makubwa, akalala tena. Mama mkwe alisema hajawahi kulea mtoto mwenye adabu kama huyo. Lakini mikono yangu haikukubali. Kila alfajiri nilipomnyanyua, kabla akili haijaamka vizuri, mikono ilinyanyua kwa nguvu ya jana, na mtoto akapanda juu kuliko nilivyotaka. Mikono ilikuwa ikiniambia kitu. Mimi nilikuwa nikiifungua kadi na kuitazama.

Mtoto alipoingia mwezi wa nane, mama mkwe alinituma mjini kununua chumvi na mafuta ya taa. Nilimbeba mtoto, nikaondoka na wanawake waliokuwa wakipeleka maharage. Tulipofika Kizwite wao wakashika njia ya kwa ndugu zao, mimi nikaenda peke yangu hadi dukani.

Duka lile lilikuwa la familia ya Kiislamu iliyokuwa pia na lori la kwenda Kasanga. Ilikuwa saa ya sala ya adhuhuri. Mwenye duka alikuwa msikitini, mkewe ndiye aliyekuwa nyuma ya meza, mama mnene wa makamo, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akipima maharage ya mkulima mmoja, mzee. Mzee alitaka yapimwe pamoja na mfuko wake.

"Baba, mfuko huu utaniuzia kilo ngapi?" mama alimwuliza.

"Mfuko ni mwepesi."

"Basi ukiwa mwepesi, utoe."

Mzee alicheka, akamimina. Alipoondoka, nilimsalimu mama, "Shikamoo."

"Marahaba, binti. Kaa hapo, mafuta yanatolewa nyuma. Mnyonyeshe mwanao, asije kulia."

"Huyu halii."

Hapo alinitazama. Nilikaa kwenye gunia, nikampa titi. Mtoto alivuta. Mama aliacha kufuta meza. Moja, mbili, tatu, nne. Macho yakafumba.

"Tayari?" aliuliza.

"Ndivyo anavyonyonya."

"Huyo hanyonyi, binti. Huyo anaonja."

Nilifungua fundo la kanga nikatoa kadi, nikaiweka mezani kama mtu anayeonyesha cheti kwa polisi. Mama aliitazama kwa mbali, akainua miwani, akaishusha.

"Michoro hii siijui. Inasemaje?"

"Inapanda. Mwezi uliopita alikuwa na kilo sita na robo."

"Na nguo?"

Nilivuta kofia ya mtoto mpaka masikioni.

"Nimezaa saba, wawili nimewazika," alisema bila kupandisha sauti. "Mlete hapa. Mume wangu hajarudi, hakuna wa kukuona. Mimi nikipima maharage sipimi na gunia."

Alikwenda akasukuma mlango ukabaki na upenyo mdogo. Akatandika kanga safi kwenye sahani kubwa ya mizani, ile ya shaba, na upande wa pili akaweka kipande cha kitambaa cha uzito uleule. Nilianza kuvua. Kofia. Blanketi. Sweta ya juu, sweta ya chini. Soksi. Fulana. Nepi. Alipoona kamba ya dawa alisema, "Na hiyo," nikaikata kwa meno.

Mtoto alilala kwenye sahani, uchi, akitazama dari ya bati. Hakulia. Mbavu zilihesabika. Mama aliweka jiwe la kilo tano upande wa pili, sahani ya mtoto ikapanda juu, ikagota. Akaliondoa. Akaweka la kilo mbili na jingine la kilo mbili, kisha la nusu, kisha la robo. Mizani ikatulia.

"Kilo nne na robo tatu," alisema.

Alimtoa mtoto haraka, akamfunika kwa kanga ileile na kunikabidhi. Kisha akakusanya zile nguo zote pamoja na kofia na blanketi, akazilundika kwenye sahani. Aliongeza mawe, akapunguza, akaongeza.

"Na hizi ni kilo moja na nusu. Jumlisha mwenyewe, umesoma."

Nilijumlisha. Ilikuwa ileile ya kwenye kadi. Mtoto hakuwa ameongezeka kitu tangu nilipopewa sweta ya jirani. Zilizopanda mlima ule zote zilikuwa nguo.

"Anakula nini ukiwa kazini?"

Nilimweleza uji wa ulezi na kiganja.

"Mzito au mwepesi?"

"Mwepesi."

"Basi ni maji yenye rangi. Tumbo linajaa, mwili una njaa. Halafu akija kwako ameshiba maji, hanyonyi. Asiponyonya, maziwa yanakwenda zao. Hukujua?"

Nilisema, na sijui nilipata wapi ujasiri, "Kijijini watasema tumembemenda."

Alifunga kibati cha mafuta, akakipangusa kwa kitambaa.

"Watasema. Hata kwa wangu wawili walisema. Mmoja nilimficha mpaka mwisho, nikanyamaza vizuri kabisa, kwa heshima zote." Akanisukumia chumvi. "Mpeleke hospitali leo."

Sikumpeleka siku ile. Niliogopa kwenda hospitali bila ruhusa ya nyumbani. Nilitembea kurudi, na njia nzima nilimsikiliza mgongoni. Kila nilipoacha kusikia pumzi nilisimama, nikamtikisa. Nyasi za pembeni zilikuwa zimeungua, nyeusi mpaka upeo wa macho, na upepo uliinua majivu yakanifuata.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akajishika kichwa. Mama mkwe alikataa.

"Mizani ya duka ni ya wezi."

"Mama, nimeona kwa macho yangu."

"Na hospitali watakuuliza nini kwanza? Watakuuliza unalala wapi. Unataka mwanangu asimame mbele ya madaktari aulizwe analala wapi?" Alitazama pembeni. "Kliniki ni wiki ijayo. Nesi ni mtu wetu. Akisema yeye, nitakubali."

Zilibaki siku tisa. Siku hizo nilikwenda shambani na mtoto mgongoni, upepo au hapana. Msimamizi alipofika kwenye jina langu alisema, "Ndugu, leo umekuja wawili. Na huyu naye tumwandike? Anavuna mistari mingapi?" Watu walicheka. Nilinyonyesha mbele yao kando ya malundo ya ulezi, kila alipofumba macho nikamwamsha kwa maji baridi ya kibuyu. Maziwa yalikuwa machache. Siku ya sita alianza kukohoa kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu anayebisha hodi asitake kusikika. Siku ya nane hakukunja ngumi nilipomtia kidole kiganjani.

Jirani yangu alinifuata kisimani jioni hiyo.

"Nasikia kesho unataka kumvua."

"Ndiyo, dada."

"Mbele ya watu wote?"

"Nesi hawezi kumpima vinginevyo."

Alijaza ndoo yake polepole. "Wewe ukivua, na mimi nitaulizwa kwa nini sivui," alisema. Kisha akajitwika ndoo na kuondoka bila kuningoja. Ilikuwa mara ya kwanza.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Tulikuwa kama wanawake ishirini barazani, tumekaa tumekunja miguu, watoto wamevimba kwa nguo. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya nesi nikaanza na kofia.

"Mama, baridi hii?" nesi alisema.

Nilijua nikifungua mdomo nitalia na sitamaliza. Niliendelea. Nguo zilianguka miguuni pangu moja moja. Nilisikia maneno yakikatika nyuma yangu, kama kisimani. Nilipomtia kwenye turubai miguu yake ilipita matunduni bila kugusa pande. Mshale ulizunguka kidogo tu, ukasimama.

Nesi alisoma. Akasoma tena. Aliweka nukta chini kabisa, nje ya njia, mahali ambapo kwenye kadi hapakuwa na kitu, karatasi tupu.

"Mwezi uliopita alikuwa amevaa nini?" aliniuliza polepole.

Nilimtajia. Aliweka kalamu chini.

Nyuma mtu alisema, si kwa sauti ya juu, "Wamembemenda, maskini." Mama mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na nguzo. Nilidhani ataondoka. Alikuja akaokota nguo, akamfunika mjukuu wake, akabaki pale ameshika mguu mmoja mdogo uliotokeza.

Nesi alikuwa amekwisha geuka. Aliwatazama wote waliokaa, mmoja baada ya mwingine, wale watoto wanono. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto ndani ya nyumba.

"Wavueni," alisema. "Wote. Kosa ni langu. Wavueni."

Hakuna aliyefanya haraka. Kisha mmoja alianza, na mwingine. Sikuona nukta zao, lakini niliwaona mama zao wakizipokea kadi. Siku ile hakuna aliyeniletea kadi yake nimsomee.

Jirani yangu aliinuka kabla zamu yake haijafika. Alimkaza mwanawe mgongoni, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa cha mtoto. "Wangu ana mafua," alimwambia nesi. "Nitamleta mwezi ujao." Nesi alimwita mara mbili. Aliteremka baraza akaenda zake, mzigo mgongoni mkubwa, wa mviringo, umetulia.

Barua ya nesi ndiyo iliyotupeleka hospitali ya mjini siku ileile, kwa lori la mahindi. Tulikaa wiki tano. Kikohozi kilikuwa kimeshuka mapafuni, na siku tatu za kwanza hakuna aliyeniambia kwamba mtoto atapona. Wauguzi walinifundisha upya kama mtu asiyewahi kuzaa: titi kwanza, uji baadaye, kwa kikombe na kijiko, uji mzito unaong'ang'ania kijiko, wenye karanga zilizosagwa. Mama mkwe alitembea kuja kila Jumapili baada ya misa. Mara ya tatu alileta uji aliopika mwenyewe, mzito. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto akigombana na kijiko.

"Wote sita niliwapa ule," alisema. "Lakini mimi sikuwa na kengele. Nilikuwa nao mgongoni kutwa, wananyonya wanavyotaka." Akafuta kidevu cha mtoto. "Sikulifikiria."

Tulirudi kijijini mvua za kwanza zilipoanza. Mtoto alikuwa na kilo sita, bila nguo. Alikuwa amejifunza kulia, na alilia njia nzima ndani ya lori mpaka abiria mmoja akasema huyu tumwache njiani. Mume wangu alicheka mpaka akajifuta macho.

Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyekuwa ameniandikia, na nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuniambia. Jioni alimtuma mwanawe mkubwa aniite. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na moto, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Lile sanduku la nguo lilikuwa wazi mbele yake, na juu ya sweta kulikuwa na kadi.

Nilikaa chini. Nilitaka kusema pole, neno likakaa kooni kama lilivyozoea. Yeye ndiye aliyenipa kadi, kwa mikono miwili, kama siku zile njiani.

"Nisomee, mdogo wangu," alisema. "Wote wanasema mtoto alikuwa mgonjwa siku nyingi. Wewe ndiye unayejua kusoma. Nisomee inasemaje."

Niliisogeza kwenye mwanga wa moto. Nukta zilikuwa saba, wino wa bluu, kila moja juu ya mwenzake, ndani ya njia, zimepanda vizuri mpaka mwezi wa saba. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Alikuwa akinitazama mdomoni.

Niliisoma kama ilivyoandikwa.

"Inapanda," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akaichukua, akairudisha chini ya sweta na kufunga sanduku. Kutoka nyumbani kwangu, mlango wa pili, nilimsikia mwanangu akilia njaa, na sikuweza kuinuka mara moja kwenda kwake.